Aliyekuwa wa Mwisho Kuinuka Mkekani

Ukimwamkia Mwalimu, macho yake hayaji usoni kwako. Wewe unasema shikamoo, yeye anasema marahaba, na tayari ameshakutazama magoti. Ukiinuka kumpisha kiti, anaangalia mkono wako umeshika wapi. Ukishika meza, ameona. Ukijisukuma kwa paja, ameona. Siku moja mama mmoja wa mtaani kwetu aliinuka kwa kushika bega la mjukuu wake, akajifanya anambembeleza. Mwalimu alicheka kile kicheko chake kifupi cha puani, akasema, "Huyo mtoto ana kazi."

Hapa Lipangalala walimu wako wengi, lakini ukisema Mwalimu, bila kuongeza neno, watu wanajua ni nani. Alifundisha michezo shule ya msingi mpaka akastaafu. Ndiye aliyeongoza mchakamchaka asubuhi, filimbi shingoni, watoto nyuma yake wanakimbia na kuimba mpaka mtaa mzima unaamka, utake usitake. Alipostaafu, filimbi alibaki nayo. Ilikuwa inaning'inia msumarini ukutani kwake, chini ya picha ya Mama Maria, na ukikaa vibaya kwenye kiti chake anaitazama ile filimbi kwanza, halafu wewe.

Mimi nauza mchele sokoni. Biashara hii imenizoesha kutoamini kitu nilichokiona mara moja tu. Gunia nikilipima, nalipima tena. Mtu akiniambia mchele wake wote ni wa Mngeta, natia mkono mpaka katikati ya gunia, kwa sababu juu kila mtu anaweka ule mzuri. Nayasema haya ili ujue kwamba habari za Mwalimu sikuziokota barabarani. Nyumba yangu na yake zimetenganishwa na ua wa michongoma, na jumuiya yetu ya sala ni moja, mikeka yetu ni ile ile.

Na mkeka ndio uliokuwa mizani yake. Wanawake wa huku, iwe sala ya jumuiya, iwe msiba, tunakaa chini. Wanaume wanawekewa viti na mabenchi, sisi tunatandikiwa mikeka. Basi Mwalimu, mwanamke mwenzetu, alikuwa akisali mkekani na sisi kwa moyo wote, ila ikifika "Amina" ya mwisho, jicho moja linafunguka mapema. Anatazama nani ameinuka kama swala, nani amejigeuza kama mtumbwi uliokwama kwenye matope, nani amemshika jirani.

"Kaa chini, inuka, usishike kitu," alikuwa akisema. "Hicho ndicho kipimo. Mizani inajua uzito wako tu. Haijui kama ukizeeka utaweza kuinuka chooni bila kuita watu."

Mimi alininasa msibani, kijiji cha Namawala. Tulikuwa tumemsindikiza ndugu wa mwenzetu mmoja wa jumuiya, tumekaa tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi. Wakati wa kuinuka niliweka kiganja chini, nikasukuma, nikasimama. Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea uwanja wa shule, "Mama Devota, umeshika sakafu."

Watu waligeuka. Nikamwambia kwa hasira ya chini chini, "Mwalimu, tumekuja kuzika."

"Tumekuja kuzika mmoja," akajibu.

Kesho yake nilikwenda kwake kugombana. Nilirudi na ratiba ya mazoezi. Mpaka leo sijui alinishusha bei wapi, na mimi ni mtu ninayejulikana soko zima kwa kutoshuka bei.

Alianza kwa kunikalisha. Akaninyamazisha mpaka nitulie, halafu akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu, macho kwenye saa ya ukutani. Hakuniambia alichopata. Alinionyesha tu mahali pa kuweka vidole vyangu mwenyewe, akasema, "Ni moyo wako huo. Mimi nina wangu." Kisha akaniomba uzi wa kushonea magunia, ninaotembea nao mkobani siku zote, akanizungushia tumboni, akafunga fundo pale uzi ulipokutana. Akanikabidhi. "Kaa nao. Mwezi ukiisha, jizungushie. Usiniletee maneno, uzi utasema."

Halafu ikaja ya kutembea na kuongea. Tulikuwa tunatoka alfajiri, tunazunguka uwanja wa shule na kuchukua barabara ya mashambani. Alikuwa anatembea kama mtu anayewahi kukinga maji bombani kabla hayajakatika. "Niambie bei ya mchele," anasema. Nikiweza kumjibu, sawa. "Sasa imba." Nikiweza kuimba, ananikemea: "Unatembea kama unasindikiza bibi harusi. Ongeza." Na nikishindwa hata kumjibu habari za bei, anasimama. "Punguza. Sitaki kukubeba mpaka nyumbani, watu watatucheka."

Nilijaribu kupatana naye. Nilimwambia sina muda, akaniuliza mazungumzo ya asubuhi na muuza vitumbua yanachukua muda gani. Nilimwambia mimi ni mtu wa magunia tangu ujana, mazoezi ya nini tena. Akanitazama. "Magunia wanabeba vijana wako. Wewe unabeba kalamu." Nilimwambia siwezi kuvaa suruali ya michezo mbele ya mama mkwe. "Vaa kanga na raba. Nani amekuambia moyo unauliza umevaa nini?" Masika ilipofika, njia ikawa tope tupu, nikajua hapo nimepona. Akaniingiza kwenye kibaraza cha madarasa, tukawa tunakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mlinzi wa shule anatutazama kama watu waliopotelewa na akili.

Lakini kikwazo kikubwa hapa kwetu ni macho ya watu. Mji huu ni wa baiskeli. Mtu mzima akionekana anatembea haraka alfajiri, hana mzigo kichwani, hana jembe, basi lipo jambo. "Mama Devota, baiskeli imeibiwa?" "Mama Devota, kuna mgonjwa?" Mwingine alishuka kabisa kwenye baiskeli yake akatusindikiza kimya kimya, akiamini tunakwenda msibani na tunaona aibu kumwambia ni kwa nani.

Hayo nilivumilia. Yaliyoniuma yalikuja fundo la uzi lilipoanza kulegea. Huku mwanamke wa biashara akinenepa, watu wanasema biashara imekubali. Akipungua, wanashusha sauti. Mteja wangu wa siku nyingi alinivuta pembeni ya magunia akaniambia, "Dada, siku hizi dawa zipo, usijifiche." Mwingine aliniombea palepale, mkono juu ya bega langu, mchele wake ukiwa bado kwenye mizani. Nilirudi kwa Mwalimu nimekasirika, nikamwambia naacha, nitanenepa, nitaheshimika.

Alinipa chai. "Anayekuuliza, mwambie atajibiwa mkiwa mnatembea."

Nilifanya hivyo. Wengi walikata pumzi kabla hatujafika kona ya mashine ya kukoboa, wakasahau walichotaka kujua. Mmoja hakuuliza tena ila alirudi kesho yake na raba.

Sasa usije ukadhani namchora malaika. Mwalimu yule yule aliyekuwa anapima vifua vya watu alikuwa anatia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Aliyetutembeza kila alfajiri, Jumapili alikwenda kanisani kwa bodaboda, amekaa upande, ameshika gauni, anatupita njiani bila kupunga mkono. Nilimuuliza. "Jumapili ni siku ya mapumziko," akasema, "imeandikwa." Na yeye mwenyewe hakupimwa. Alitusukuma sote kwenda kupima presha, alitusimamia kwenye foleni kama wanafunzi, na zamu yake ilipofika alimwambia nesi, "Mimi niko na hawa." Nilimkumbusha baadaye. Akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea, "Kipimo hakipimwi, Mama Devota."

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kama ninavyotazama gunia lililoshonwa upya.

Nikaona jambo. Kwenye jumuiya alikuwa anafika kabla ya watu wote. Tukiingia, tunamkuta ameshakaa, mgongo ukutani, kanga imefunika miguu. Sala ikiisha, anasema, "Ninyi tangulieni, mimi nakunja mikeka." Tukasema, Mwalimu bwana, uzee wake wote na bado anatukunjia mikeka. Msibani vile vile, wa kwanza kukaa, wa mwisho kutoka. Zamani alikuwa anatazama tunavyoinuka kisha anainuka yeye katikati yetu, mikono mbele kama anayebeba sinia, ili tumwone. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nimemwona akiinuka. Sikuipata. Nikakumbuka tena. Sikuipata.

Jumamosi moja, sala ilikuwa kwa mwenyekiti wa jumuiya. Niliacha rozari yangu chini ya mkeka, makusudi, nikatoka na wenzangu, wenyeji wakitusindikiza mpaka barabarani, nikarudi.

Mwalimu alikuwa anatambaa. Mkeka uko nyuma yake, yeye yuko kwenye sakafu ya ukumbi kwa mikono na magoti, anakielekea kinu kilichokuwa kando ya mlango wa uani. Alikifikia, akakikumbatia, akajaribu kuvuta mguu mmoja. Haukuja. Akaegemeza paji la uso kwenye mdomo wa kinu, akapumua. Nilisikia ile pumzi. Ilikuwa ya mtu aliyebeba gunia, na hakuwa amebeba kitu.

"Umesahau nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Rozari."

"Hujawahi kusahau kitu tangu nikujue."

Nilikaa chini karibu yake. Sikumshika. Nilijua kumshika bila kuombwa kungekuwa kumpiga.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu kabla ya masika. Kutembea natembea, umeniona. Kusimama nikiwa nimesimama hakuna shida. Ni hapa chini. Nyonga inakataa, na nikilazimisha, kifua kinabana." Akashika mdomo wa kinu upya. "Nilianguka bafuni. Mwanangu anajua."

Huyo mwanawe yuko Morogoro mjini, ana kazi nzuri na nyumba ya vigae. Nilimjua tangu akiwa anakimbia mchakamchaka mstari wa mbele, kwa sababu mama yake hakumruhusu mstari mwingine. Kumbe alikuwa ameshasema atakuja kumchukua. Mama akae kwake, afungiwe geti, awekewe msichana wa kazi, asiiname wala asiinuke.

"Atanikalisha kwenye kochi," Mwalimu akasema. "Nitaletewa kila kitu. Nitakufa nimekaa, Mama Devota. Akija nimeweza kuinuka mwenyewe, ana sababu gani ya kunichukua? Ndiyo maana najaribu."

"Unajaribu peke yako, na kinu."

"Kinu hakisemi."

Nikamwambia basi tupatane. Hospitali kwanza, mazoezi baadaye. Akakataa. Nikamwambia sawa, nitawaita wanajumuiya warudi waje kuchukua na wao rozari zao. Akasema mimi ni mtu mbaya, akakubali.

Daktari alimkuta na presha iliyokaa muda mrefu bila kusumbuliwa, na nyonga iliyochakaa. Akampa dawa. Akasema mazoezi afanye, lakini taratibu, asikimbilie sakafu, na kifua kikibana asimame, arudi hospitali. Kuhusu sukari kwenye chai alisema maneno ambayo Mwalimu hakuyarudia nyumbani, ila kijiko kikawa hakisimami tena.

Tulianzia kwenye kiti. Nilileta magunia matupu, nikayakunja, nikayapanga juu ya kiti mpaka kikawa kirefu, akawa anakaa kwa kushuka kidogo tu na kusimama. Alipozoea, natoa gunia moja. Anazoea, natoa jingine. Alinitukana kila nilipotoa. "Usinifundishe kazi yangu," alisema. Nikamwambia, "Sikufundishi, nakurudishia." Magunia yakaisha, tukaingia kwenye kigoda. Kila asubuhi kabla sijafungua biashara, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, kwa sababu hilo ndilo sharti lake, mtu asijue. Mimi niliyetembezwa mji mzima macho ya watu yakinila, nilikuwa namfanyisha mazoezi Mwalimu wa michezo kama tunapika gongo. Nilimwambia. Hakucheka.

"Wewe walidhani unaumwa," alisema. "Mimi wataona kweli."

Mkekani tulifika, ila hatukushinda. Alijifunza kugeukia ubavu, kupiga magoti, kuleta mguu mmoja mbele, kuweka mikono juu ya goti. Hapo katikati ndipo palipokuwa na mlima. Siku nyingine anapanda, siku nyingine anabaki pale goti moja chini kama anayepokea baraka, mpaka nimpe mkono. Na kila nikimpa mkono, anasema, "Hiyo haihesabiwi."

Mwanawe akaja siku ya sala, na zamu ilikuwa kwa Mwalimu mwenyewe. Alikaa kwenye kiti mlangoni, funguo za gari mkononi. Tulisali. Sala ikaisha, wenzetu wakaanza kuinuka, na Mwalimu akafungua mdomo kusema tangulieni. Mwanawe akawahi. "Mama, inuka kwanza. Nataka nione."

Wanawake wakasimama hapo hapo walipo. Wengine walikuwa wameshavaa kandambili mguu mmoja.

Mwalimu alijaribu kwanza ile ya zamani, mikono mbele. Nilitamani asijaribu. Hakutoka hata kidogo pale chini. Akageukia ubavu. Akapiga magoti. Akaleta mguu mbele, akaweka mikono juu ya goti, akasukuma, akabaki pale pale kwenye mlima wake. Mwanawe akainuka kwenye kiti.

"Kaa hapo hapo," Mwalimu akasema, sauti ile ya uwanjani. Jamaa akakaa, mtu mzima na kitambi chake.

Kisha akanitazama mimi. Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kidevuni. Nikamwona anaipima ile hatua, kama ninavyowaona watu wakiipima bei wasiyoitaka.

"Mama Devota. Mkono."

Nikampa. Akasimama.

"Umeshikwa, mama," mwanawe akasema.

"Nimeomba," akajibu. "Kuna tofauti."

Wanajumuiya walitoka wakatuachia nyumba. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alisema tangu siku ile ya bafuni akisikia simu inalia anashtuka. Alisema jirani hawezi kuwa pale saa zote. Yote yalikuwa kweli. Nimepatana na watu wengi, na anayenisumbua si mjanja, ni mwenye hofu ya kweli, kwa sababu hakuna anachoweza kukupunguzia. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kumpa: niko nyuma ya michongoma, nitapita kila asubuhi na kila jioni, na dawa nitaziona zikimezwa. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Mpaka mavuno. Nikija kuchukua mchele wa nyumbani, nitamtazama tena. Akiwa hajaweza, naondoka naye, na wewe hutasema kitu."

Nikasema sawa. Sina hakika kama nilipata au nilipigwa.

Wiki iliyofuata kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Mwalimu alichelewa, kwa makusudi, akakaa katikati ya mkeka ambako hakuna ukuta. Tulipotaka kuinuka alinyoosha mikono yote miwili, huku na huku, kama anayeomba apewe mtoto, na wawili wakamshika. Akasimama, akawatazama waliobaki chini na macho yao. "Mnaangalia nini? Inukeni, msishike sakafu. Shikaneni." Pazia la kwake halishushwi tena. Asubuhi zingine wanakuja wanawake wawili watatu wa magoti mabovu, na filimbi imeshuka kutoka kwenye msumari.

Jana alfajiri tulitembea mimi na yeye mpaka barabara inapoishia mashambani. Siku hizi ana fimbo, na mimi ndiye ninayepunguza mwendo. "Imba," akaniambia. Nikamwambia aimbe yeye. Alianza wimbo mmoja wa mchakamchaka, wa zamani, akafika katikati, pumzi ikamwishia. Tukasimama. Mbele yetu mpunga umekwenda mpaka chini ya milima, na ule ukijani wake umeanza kuharibika, umeingia manjano.

"Unaonaje?" akauliza. "Bado sana?"

Mimi nakula kwa mpunga. Maisha yangu yote naomba mavuno yawahi. Nilikata suke moja, nikaminya punje kwa ukucha. Haikutoa maziwa kama punje changa. Nikaminya nyingine. Ngumu.

"Bado sana," nikasema.

Mwalimu alilichukua lile suke mkononi mwangu. Akaweka punje kati ya meno, akaing'ata, nikasikia ilivyolia. Akatema ganda pembeni, akageuza fimbo kuelekea nyumbani.

"Twende," akasema. "Leo tunaanza na mkeka."